Paka wa Nyumba Mbili

Saa tisa kasorobo za usiku
ananikanyaga ini.
Si kwa ubaya. Anapima tu kama ni mzima,
kama mnunuzi anavyobonyeza gunia,
kisha anakaa kifuani, sharubu zake puani mwangu,
anaanza kusoma mashtaka:
bakuli tupu,
mlango umefungwa,
mjusi amepita darini bila ruhusa.

Mimi hudarizi kofia. Macho yangu ndiyo shamba langu.
Juzi nilihesabu vitobo vya safu ya tatu mara nne
nikapata idadi nne,
na kofia ya Bwana Famau, ya harusi ya mwanawe,
ikatoka na ua moja limepinda shingo
kama mtu aliyesinzia kwenye hotuba.
"Hili nalo?" akauliza.
Nikamwambia ni mtindo mpya.
Akalipa. Lakini alilipa polepole.

Nimejaribu yote.
Nimemlisha dagaa hadi tumbo likafagia sakafu.
Nimemfungia nje; akapanda paa,
akashuka na chandarua,
na sasa mbu wanaingia kama walioalikwa.
Shangazi wa Matondoni akasema, mmwagie maji.
Nikamwaga. Tukalowa mimi, godoro na redio.
Wahenga nao: paka wa nyumba haingwa.
Wahenga hao hawakuwa na paka
wa nyumba mbili.

Maana huyu, nikishaamka, hana haja nami.
Hupanda ngazi, hupita wikioni,
chumba kile kilichoruka juu ya kichochoro,
alichojenga babu wa babu yetu
ili binti zake wawili watembeleane bila kushuka njiani.
Sasa kina kufuli upande wangu
na kabati la mninga upande wa pili, kwa Mwana Shee.
Mlango umepinda; pana ufa wa vidole vinne.
Paka ni maji yenye mifupa.

Mwana Shee na mimi hatusemezani
tangu masika ya mwaka juzi.
Mlizamu wake uliumwagia ukuta wangu,
chokaa ikabambuka,
nikasema neno, akasema maneno,
mwisho likatajwa sinia la marehemu nyanya
ambalo mpaka leo sijui liko wapi
na yeye anajua.

Usiku wa jana nilimfuata, miguu mitupu,
nione anakokwenda na usingizi wangu mdomoni.
Nikabandika sikio ufani.
Ng'ambo, kitanda kikalia.
Kikohozi. Kisha sauti ya mtu aliyekanyagwa ini:
"We Karani! Leo tena?
Jana nimeunguza mikate ya watu kwa ajili yako!"

Karani.
Kwangu anaitwa Kaimati.

Nilicheka. Sikukusudia.
Kicheko kilipenya ufani kabla sijakishika mkia.
Kimya.
Punda akalia kule Langoni, akajuta.
"Ulele?" ukuta ukauliza.
"Nilale wapi."
Kimya kingine, kirefu, cha vitobo kumi na viwili.
"Kwako hula nini?"
"Dagaa. Kwako?"
"Kichwa cha changu. Na maziwa, Ijumaa."
"Ndiyo maana ananenepa."
"Ndiyo maana."

Hakuna aliyetaja mlizamu.
Hakuna aliyetaja sinia.
Nilisikia tu kabati likiburutwa,
kidogo, kiasi cha vidole viwili,
labda kwa ajili ya paka,
ambaye tumbo lake sasa hukwama.

Asubuhi nilimkuta kwenye kiti changu cha kazi,
amejikunja juu ya kofia mpya,
amelala usingizi wangu na wa Mwana Shee,
wote kwa pamoja, akikoroma.
Nikambonyeza ini kwa kidole kimoja.
Hakufumbua hata jicho.