Siku ya Tisini na Moja

Wakili kapiga simu kutoka Leicester:
"Bi Mize, mwaka wa mwisho huu,
usizidishe siku tisini nje,
ama uraia tuuanze upya."
Namjibu kwa sauti ya chini,
mlango umerudishwa, hapa Limbani.

Eda haina wakili.
Miezi minne na siku kumi
haikatiwi rufaa.

Wifi anahesabu kwa punje za kunde koponi,
mimi kwa mihuri ya pasi.

Leo ya tisini na moja.
Nimeamka bila wanja, bila udi,
nikatia punje yangu koponi.

Mara sita Shaame alinisindikiza bandarini Mkoani,
kabeba sanduku, hakuniomba
hata siku moja nibakie.

Sasa kazichukua zote,
na chenji hanirudishii.