Herufi Mbili, Herufi Tatu

Meza yangu iko chini ya ngazi, Makadara,
hatua chache toka mahakamani:
kompyuta moja, printa inayokohoa,
na kibao: BARUA, VIAPO, TAFSIRI.
Ukurasa mmoja shilingi mia.

Bi Mwanarusi alikuja Jumanne, kabla umeme haujakatika,
kitambulisho cha mwanawe kakifunga kwenye pindo la leso.
Shaali, mpishi wa melini. Simu yake ya mwisho
ilitoka bandari ambayo jina lake aliniandikia
kwa kidole, juu ya vumbi la meza,
na mimi mpaka leo sijalifuta.

"Waandikie Kizungu," akasema. "Kizungu cha kuwatisha.
Sema: siku ile nilipowapigia,
sikujua kama mwanangu yu hai."

Nikaandika. Tarehe, namba ya meli, salamu zisizo joto.
Nikafika kwenye ile yu, vidole vikagoma.

Kwa maana Mwalimu Kezia, Tudor, darasa la saba,
alitufunza kwamba Kiingereza ni garimoshi:
kitenzi cha mbele kikirudi jana
mabehewa yote ya nyuma hurudi nacho.
Sikujua, hiyo ni jana. Basi na uhai wa mtu
uburutwe hadi jana, herufi tatu, nukta.
Isipokuwa, alisema akinyanyua chaki,
jambo liwe kweli hata sasa,
kama jua kutoka mashariki,
kama maji kuchemka: hapo waruhusiwa
kuacha herufi mbili, wakati uliopo.

Nikamtazama yule mama.
Ningemuulizaje: Je, Shaali ni jua?
Anayesema hajui, atahakikisha nini kwanza
ili aruhusiwe kusema hajui?

Sisi hatuna taabu hiyo. Kutojua kwetu hukaa jana
na tusichokijua hukaa leo, kila mmoja na chumba chake.
Sikujua kama yu hai.
Mtu hafi kwa sababu ya kitenzi cha jirani.

Lakini nililipwa kufuata kanuni. Nikapiga zile tatu.
"Nisomee," akasema, nami kwa ujinga wa bidii
nikamgeuzia neno kwa neno:
"Sikujua kama mwanangu alikuwa hai."

Mkono uliokuwa ukipepea leso ukasimama.
"Alikuwa?
Nani kakwambia alikuwa?"

Nikafuta. Kile kitufe cha kurudi nyuma
kina sauti ndogo, kama mjusi darini.
Nikaweka mbili. Papo hapo mashine
ikachora chini yake kijistari cha buluu, cha mawimbi.
"Na hicho ni nini?"
"Inasema haina hakika, mama."
"Basi tu wawili."

Kijistari hakichapiki. Karatasi ilitoka safi.
Alinipa sitini; nikasema zimetimia.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba.
Karani wa huko, nisiyemjua, ameninukuu:
mlituandikia kwamba hamkujua kama,
na hapo, badala ya mbili zangu, kaweka tatu.
Nimelitazama neno hilo hadi adhana ya alasiri.
Sijui kama anajua jambo
au alifunzwa vizuri tu,
na Mwalimu Kezia wa kwao.

Bi Mwanarusi kaketi, kafungua pindo, kalifunga tena.
"Soma."

Nikasoma kwa Kiswahili. Uchunguzi unaendelea.
Wanasikitika kuchelewa. Nikafika penye lile neno,
nikameza mate,
nikasema yu,
na lugha yangu ikanisitiri
kwa siku ile.