Rimu ya Lori

Kanisa letu pale Nyamugo halikuwa na kengele.
Tulikuwa na rimu ya lori, imefungwa kwa waya
kwenye mti wa avoka, ng'ambo ya uwanja,
na kipande cha nondo cha kuipigia.
Miaka kumi na tisa, mkono uliopiga ni huu.
Mapigo matatu, ibada. Mapigo sita, msiba.
Yasiyo na hesabu: hatari, kimbilieni kwa Bwana.

Usiku ule mvua ilinyesha kama mtu anayedai deni mlangoni.
Nikasikia mlima unasaga meno.
Ulikuwepo, unajua sikuwaza mara mbili:
nilitoka pekupeku, nikapiga bila hesabu,
nikapiga mpaka kiganja kikachanika,
nao wakaja.

Wakaja, ee Bwana. Waaminifu wako.
Mama Ntakwinja na fimbo yake, wajukuu wakimshika kitenge;
Mugisho, gitaa limefunikwa gunia, yeye kichwa wazi;
mapacha wa fundi Bisimwa, jozi moja ya viatu,
huyu kavaa cha kulia, yule cha kushoto.
Na Nsimire wangu mbele ya wote,
maana hata usingizini aliujua mkono wangu kwenye chuma.
Alinipungia tochi. Akaingia.
Nilimwona akishikilia mlango ili wengine wapite.

Kisha mlima ukashuka, ukapita palepale.
Haukugusa mti wa avoka.
Haukugusa rimu.
Haukunigusa.

Waliolala wako hai.
Cirhuza, muuza kasiksi, aliyezoea kusema
makelele yangu yanamchachushia pombe,
alijifunika blanketi, akalaani, akageukia ukuta.
Yu hai.
Ndiye aliyechimba siku tatu kwa jembe na kwa sufuria,
ndiye aliyemtoa Nsimire, akamfuta uso kwa shati lake
kabla ya kuniita.

Kwenye matanga pasta alisema wamefia mahali pazuri.
Watu wakaitikia amina.
Mimi nilikuwa natazama sahani ya sombe mapajani,
mafuta yakiganda pembeni.
Mjane wa Mugisho naye hakuitikia. Alinitazama.
Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Sikuacha kuomba, nisidanganye.
Ila maombi yangu yamekuwa mafupi kama risiti.
Asubuhi: uliwaona wakija.
Jioni: uliwaona.
Usiku wa manane, bomba la jirani likidondosha tone, tone,
naamka kumwambia mke wangu mvua imeanza,
na mkono unakuta shuka lililonyooka.

Wanasema mlima ulikwisha kuoza, miti tuliikata wenyewe,
tukapanga nyumba juu ya nyumba kama vikombe.
Ni kweli. Lakini udongo hauna masikio,
na mimi nilifundishwa kukulilia Wewe.
Basi pokea kilio.
Usinitumie watu wa kukutetea.

Jumapili tulisali chini ya turubai, watu kumi na mmoja.
Hakuna aliyeitaja rimu. Waliipita kwa mbali
kama mbwa aliyekwisha kuuma mtu.
Pasta alianza kwa saa ya simu yake.
Wakati wa matoleo akatokea Cirhuza, kandambili mkononi,
akasimama nje, kwenye matope yaliyokauka.
"Nimechelewa," akasema. "Sikusikia chuma."

Hakuna aliyecheka.
Nikatoka, nikaenda mpaka kwenye mti.
Avoka zilikuwa zimeanguka, zinaoza, hakuna aliyeziokota.
Nondo ilikuwa pale nilipoiangusha, ina kutu,
na kitu kingine kinachofanana na kutu.
Nikaishika. Kiganja kikakumbuka.

Nilipiga mara moja.
Pigo moja halimo katika hesabu yetu:
si ibada, si msiba, si hatari.
Nikaliacha lipande Kadutu, literemke hadi ziwani,
nikabaki na nondo mkononi, nasikiliza,
kama mtu aliyebisha hodi
kwenye nyumba yenye taa.