Mkono wa Kuke

Shangazi Kalekye aliufunga kwa utepe wa leso,
huu wa kushoto, wa kuke kama alivyouita,
nikala kwa kuume, nikaandika kwa kuume,
mwandiko wangu ukatoka umeinama
kama mtu anayekwepa kofi.

Leo, ngazini, orofa ya tatu, Umoja,
maji hayajapanda tangu Jumatatu.
Musembi, miaka minane, kamkalisha dadake
katikati ya magoti, anamsuka.
Kitana kushoto.
Hakuna aliyemfunza. Labda ni mimi,
kwa damu, bila kujua;
labda ni saluni ya Mama Atsieno hapo chini
anakoshinda shule zikifungwa,
akifagia nywele, akitazama vidole.
Chai ishachemka.
Nitenge vipi maziwa na majani?

Jirani wa namba kumi na mbili akapita na mtungi mtupu:
"Kijana, mkono wa kike na kazi ya kike pia?"
Akacheka. Nikahisi utepe ukikaza
hapa, kwenye kifundo,
miaka thelathini na mitano baadaye.

Nilitaka kusema neno.
Nikakohoa tu.
Musembi hakuinua macho.
"Tulia, Wavinya, bado mstari mmoja."

Usiku, wamelala, nikafungua daftari la kodi,
nikahamisha kalamu.
Jina langu likatoka kama la mtoto wa chekechea,
kubwa, linatetemeka,
limesimama wima.