Shubiri kwa Shubiri

Pampu ya Eustaquio inakohoa,
inatema maji ya kisima, chumvi tupu.
Safu ya kwanza Idaira huinywesha ya bomba,
yanayolipiwa kwa lita.
Ya saba hunywa hayohayo.

Miezi minane. Anapima kwa kiganja:
majani ya safu ya saba yamepungua shubiri nzima,
shubiri ya mkono, si ya dawa.
Ncha nyekundu kama sikio lililofinywa,
vichipukizi viwili tu,
na udongo umeota ukoko mweupe.

"Ng'oa," anasema Eustaquio. "Tiscamanita nzima itatucheka."

Idaira anakata jani,
analamba utomvu wa manjano.
Anakunja uso. Anatema.
Analamba tena.

Ile ya bomba ilikuwa chungu.
Hii inajua kwa nini.