Pua Ilishazoea

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walinena.
Chetu kilikuwa puani,
na pua ilishazoea.

Miaka arobaini baba alifungua banda alfajiri,
theluji ya Jutland bado buluu mlangoni,
nguruwe elfu mbili wakiamka kwa fujo,
na machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni.
"Baridi hii," alisema, akijifuta kwa kiwiko.
Haikuwa baridi.

Aliyegundua ni mama, kwa magoti.
Kila Septemba alipiga magoti kinamasini, ng'ambo ya uzio,
kuchuma beri nyekundu, ndogo kama shanga.
Mwaka ule alirudi, kikapu kinapwaya:
"Nyasi, Torkild. Nyasi nene, ndefu, zimevimba kwa shibe.
Kuna mtu huja usiku kutia mbolea asikoombwa."

Mtu huyo ni sisi.
Amonia haina rangi, haina nyayo;
ilipanda kwa feni za paa, ikaruka uzio bila hodi,
ikailisha ardhi iliyozoea kufunga,
na aliyezoea kufunga hufa kwa karamu.

Nikakopa benki.
Nikapunguza soya katika chakula chao,
nikalaza mabomba ya maji baridi chini ya samadi,
na joto lililonyonywa huko
likaenda kuwapasha wachanga wao.
Nikamwita Ejnar Skovgaard, fundi mwenye kikohozi,
akasimamisha mnara nyuma ya banda:
hewa chafu huingia kwa chini,
tindikali huinyeshea usiku kucha,
masika ndani ya pipa.
Kinachobaki ni maji ya chumvi, rangi ya chai hafifu.
Aprili niliyamwaga katika shayiri.
Kile kilichokuwa kikitutoroka, sasa nakiita kwa jina
nacho kinaitika, kijani.

Baba alikuja na mkongojo wake mwezi Mei.
Akasimama mlangoni, macho makavu,
akanusa, akanusa tena,
akaingiwa na hofu:
"Nguruwe wamekwenda wapi?"

Walikuwa wamelala.

Mama bado huenda kinamasini.
Mwaka huu alichuma beri kumi na moja.
Alizihesabu mezani mara mbili,
hakupika kitu.