Irabu Moja

Kaunta namba nne, Ruwi. Kiyoyozi kinanipiga kisogoni.
Mkalimani anauliza: umehama, au umehamia?
Nanyamaza. Anasukuma karatasi: haya, andika mwenyewe.

Kuhama ni mlango wa Pongwe niliofunga kwa kamba ya katani,
Mwanaidi akiuma ukosi wa sare asilie,
deni la sukari kwa Shelukindo.
Kuhamia ni kitanda cha chuma, ufunguo usio wangu,
na Bi Zuweina kuniita kwa Kiswahili cha Wete.

Yeye alifika sabini na mbili, binti wa miaka kumi na tisa.
"Nilirudi," husema,
nchi ambayo hakuwahi kuiona.
Samail walimcheka matamshi.
Hadi leo samaki wake hanogi bila tui, hata la kopo.

Jana, tukichagua mchele, sinia moja, nikamuuliza tofauti.
"Hiyo *i*," akasema, akiiokota chuya,
"ndogo hivi. Mimi miaka hamsini
bado naitafuna."

Naandika *nimeham*,
naacha upenyo wa herufi moja,
kisha *a*.
Mkalimani ananipa kalamu nyingine:
anadhani yangu imekwisha wino.